Waya wa pawa wa gharama unaondoa kelele kwenye mziki wa nyumbani? Fanya hivi kabla hujanunua

Maswali ni yaleyale kila siku. Ampu inavuma mmmmm hata kama hamna mziki, je nikinunua ule waya wa pawa mnene wenye plagi za dhahabu itatulia? Spika zinatoa zzzz nikiwasha TV, nitafute waya wenye shildi (ganda la foili au nyuzi za kukinga kelele)? Nimeona niandike yote sehemu moja ili anayeanza apate pa kuanzia.

Jibu fupi: kama waya ulionao ni mzima na plagi zake zimekaza, waya mpya wa pawa karibu kila mara hautaigusa hiyo kelele, kwa sababu kelele nyingi za majumbani hazipiti huko unakodhani, zinaingia kupitia nyaya za signal, yaani RCA (zile plagi nyekundu na nyeupe), jeki, waya wa antena na wa USB. Kesi chache ambazo waya wa pawa kweli ndo mbaya zipo, nimeziweka hatua ya 8, lakini usirukie huko. Ukianza na kununua, pesa itaondoka na mvumo utabaki.

Vitu vya kuwa navyo

- Waya mmoja wa kawaida wa pawa ambao una uhakika ni mzima (ule wa kompyuta ya mezani au monita mara nyingi unaingia kwenye ampu yenye tundu la pini tatu)
- Ekstensheni moja nzuri yenye ethi, yenye nafasi za kutosha vifaa vyako vyote vya mziki
- Tochi, na karatasi ya kuandika ulichosikia
- Simu yenye app ya kuonyesha spektra ya sauti (nguvu ya kila masafa), za bure zipo nyingi (sio lazima ila inasaidia sana)
- Muda ambao nyumba imetulia, feni imezimwa, watu hawaongei
- Mtu wa kukusaidia, kwa ile hatua ya mwisho tu

Onyo, soma hili hata kama hutasoma kingine

Usikate pini ya ethi, usiivunje, usiizibe kwa solotepu, usitumie adapta ya kuiruka. Najua kuna watu wanakuambia "toa ethi kelele inaisha", na ni kweli mara nyingine inaisha kabisa, ndo maana ushauri huu haufi. Ila siku waya wa laini (ule wenye umeme) ukigusa bodi ya ampu, yaani boksi lake la chuma, kwa ndani, hamna njia ya umeme kurudi kwa nguvu ya kukata fyuzi, kwa hiyo bodi inakaa na umeme kamili ikisubiri mkono wa mtu, na kupitia shildi ya RCA umeme huohuo unafika kwenye kila kifaa ulichounganisha. Tutaondoa mvumo bila kugusa ethi, njia zipo.

Pia usifungue ampu. Kapasita kubwa za ndani zinabaki na chaji hata baada ya kuchomoa plagi.

Hatua

1. Jua unasikia nini. Washa kila kitu kama kawaida, usicheze mziki, sogeza sikio karibu na spika halafu andika. Mvumo mzito wa chini, mmmmm, ni umeme wa mainsi wenyewe, 50 Hz sehemu nyingi za dunia na 60 Hz kule Marekani. Zzzz yenye makali inakuwa 100 Hz na kupanda juu (120 Hz kwa wenye 60). Shhhh laini ni kelele ya elektroniki za ndani ya ampu, gein (ukuzaji wa signal) kubwa, haihusiani na waya wa pawa hata kidogo. Tik moja moja ni swichi, friji, pampu. Mlio mwembamba unaobadilika ukisogeza mausi ni kompyuta. Didi-didi-didi ni simu iko karibu, GSM inapiga mara 217 kwa sekunde, isogeze tu.

Halafu kitu ambacho wengi wanakisahau: toa sikio kwenye spika uliweke karibu na ampu yenyewe. Je mvumo unatoka kwenye boksi la ampu au kwenye spika? Kama ni boksi, hiyo ni transfoma inatetemeka, ni tatizo lingine kabisa, nenda kwenye sehemu ya matatizo huko chini.

2. Cheza na voliumu. Ishushe mpaka sifuri kisha ipandishe taratibu bila mziki. Kelele ikipanda pamoja na voliumu, inaingia kabla ya kitufe cha voliumu, maana yake inatoka kwenye chanzo (TV, kompyuta, santuri) au kwenye waya unaounganisha chanzo. Kelele ikibaki vilevile hata kwenye sifuri, iko baada ya voliumu: sehemu ya mwisho ya ampu, au nyaya kati ya priampu (inayopokea signal) na pawa ampu (inayosukuma spika), au ndani ya spika zenye ampu zake. Badilisha pia inputi, TV, CD, AUX, uandike ipi inavuma na ipi imetulia. Hatua hii ni ya dakika mbili na inakata nusu ya kazi.

3. Chomoa nyaya zote za signal. Hii ndo hatua yenyewe, naomba usiifanye nusunusu. Shusha voliumu, zima ampu, chomoa RCA zote, jeki, HDMI, optiko (waya wa mwanga), USB, waya wa sabufa, kila kitu. Ibaki ampu, spika, na waya wa pawa uleule unaoushuku. Washa, pandisha voliumu mpaka pale unaposikilizia mziki siku zote, sikiliza.

Kama kumetulia, fikiria maana yake. Waya wa pawa bado uko pale, soketi ni ileile, umeme ni uleule "mchafu" wanaokuambia, na kelele haipo. Sasa waya mpya utaondoa nini? Waliokuwa wanaleta kelele ni hao uliowachomoa. Hapa watu wengi sana wangeokoa pesa zao kama wangefika tu.

Kama bado inavuma, weka ule waya wako wa kawaida ulio mzima, jaribu, halafu jaribu soketi ya chumba kingine. Bado? Ampu yenyewe inaumwa, na kwa ampu ya miaka mingi mtuhumiwa wa kwanza ni kapasita za pawa saplai zilizokauka, zinaleta ile zzzz ya 100 Hz isiyojali voliumu. Hiyo ni ya fundi, waya wa aina yoyote hautafufua kapasita.

4. Rudisha kimoja kimoja. Zima ampu kila unapochomeka RCA, kwa sababu pini ya katikati inagusa kabla ya ile ya nje na unaweza kupigwa na mvumo mkubwa unaotishia spika. Rudisha kifaa kimoja, washa, sikiliza, andika. Kisha cha pili. Ukifika kwa mwenye kosa utamjua papo hapo, mmmmm inarudi.

Kosa la kawaida hapa ni kurudisha viwili kwa mkupuo kwa haraka halafu hujui ni yupi. Lingine ni kuchomoa kifaa kwenye umeme na kuacha RCA yake ikining'inia kwenye ampu, hiyo RCA inakuwa antena na inakudanganya.

5. Chunguza waya wa antena au dishi kwanza. Mshukiwa akiwa TV au king'amuzi, usihangaike na kingine, fungua kwa mkono ule waya mnene wa antena nyuma yake, acha vingine vyote vimeunganishwa. Mara nyingi sana mvumo unakatika sekunde ileile skrubu inapoachia. Sababu ni kwamba waya ule umefungwa ethi yake huko nje, ampu yako ina ethi yake ndani, na hizo ethi mbili hazilingani sawasawa kwa volti, kwa hiyo mkondo mdogo unatembea kutoka moja kwenda nyingine ukipita kwenye shildi ya RCA yako. Hiyo ndo lupu ya ethi. Dawa ni kifaa kidogo cha kutenganisha waya wa antena, kinakaa kati ya waya na TV, kinapitisha signal na kukata ethi ya nje tu. Kwa dishi hakikisha unapata kinachoruhusu volti za kuendesha LNB (kile kichwa cha dishi) kupita, vingine vinazizuia na picha inapotea. Na ethi ya dishi lenyewe huko nje iache ilivyo, ile ni ya usalama wa radi.

6. Peleka kila kitu kwenye soketi moja. Vifaa vyote vilivyounganishwa kwa nyaya za signal vichomekwe kwenye ekstensheni moja, kwenye soketi moja ya ukutani. Mtu ana ampu ukuta huu, kompyuta ukuta ule, sabufa nyuma ya kochi, ethi za soketi hizo zimefuata njia tofauti ndefu ndani ya ukuta na lupu inakuwa kubwa. Ukizikusanya lupu inabaki ya urefu wa nyaya zako tu. Angalia ampea zilizoandikwa kwenye ekstensheni na ujumlishe woti za vifaa vyako, mziki wa kawaida wa nyumbani hauna shida, ila usichomeke pasi au jiko humohumo.

7. Tenganisha nyaya. Zama nyuma ya kabati na tochi uangalie. Karibu kila mahali utakuta RCA imesukwa pamoja na nyaya za pawa na chaja, imefungwa kwa zip taye ili ipendeze. Ifungue. Nyaya za signal zipite upande mmoja, za pawa upande mwingine, hata sentimita 20 au 30 zinaleta tofauti, na pale lazima zikutane zivukane kwa pembe mraba badala ya kwenda sambamba. Hapa ndo yale madai ya waya wa pawa wenye shildi yana ukweli kidogo, shildi inapunguza kweli kinachotoka kwenye waya wa pawa na kuingia kwenye waya wa jirani, lakini umbali unafanya kazi hiyohiyo bure. Na ule uga wa sumaku wa 50 Hz, shildi ya kawaida ya shaba au foili haiuzuii, kinachoupunguza ni nyaya kusokotwa kwa ndani na umbali.

Wa santuri, hatua hii ni yenu zaidi ya wote. Katriji (kichwa chenye sindano) ya kawaida, aina ya MM, inatoa karibu milivolti 5 tu wakati CD plea inatoa volti 2, yaani mara 400 zaidi, kwa hiyo chochote kinachoingia pale kinakuzwa sana. Isogeze santuri mbali na transfoma ya ampu (usiiweke juu ya ampu), na ule waya mwembamba wenye uma mdogo ufungwe kwenye skrubu iliyoandikwa GND, ukikazwa vizuri. Ukiusahau huo mvumo hauishi hata ufanye nini.

8. Sasa kagua waya wa pawa wenyewe. Umefika hapa kwa haki. Ubadilishe kama:

- plagi inacheza kwenye soketi au kwenye tundu la ampu, ukiitikisa unasikia krr krr kwenye spika
- plagi inapata moto, imebadilika rangi, au waya umechubuka
- ampu ina tundu la pini tatu lakini waya uliowekwa hauna ethi ndani, au maltimita inaonyesha ethi imekatika kati ya plagi na upande wa ampu (pima waya ukiwa umechomolewa pande zote mbili)
- waya ni mwembamba kuliko ampea ambazo ampu imeandikiwa

Waya wa kawaida mpya wa saizi sahihi unatosha kwa yote hayo manne.

Kuhusu unene, tupige hesabu tuachane na hadithi. Waya wa mita 1.5 wenye shaba ya milimita za mraba 0.75, kwenda na kurudi ni mita 3, una ukinzani wa karibu omu 0.07. Ukipanda mpaka milimita za mraba 1.5 unapata karibu 0.035. Ampu ikivuta ampea 2 unapoteza volti 0.14 kwenye ule mwembamba na 0.07 kwenye mnene, kati ya volti 230. Umeme wenyewe unapanda na kushuka kwa volti kadhaa ndani ya siku moja na hujawahi kusikia kwenye mziki, maana ndani ya ampu kuna transfoma, rektifaya na kapasita ambazo kazi yao ni kugeuza hiyo mainsi kuwa DC (umeme usiogeuka mwelekeo). Na kabla ya mita yako moja na nusu kuna makumi ya mita za waya wa kawaida ndani ya ukuta, achilia mbali ule unaotoka kwenye nguzo.

Pesa ya waya kama unayo na inakuwasha, ipeleke kwenye RCA: fupi kadiri inavyowezekana, yenye shildi nene nzuri. Hapo kuna sababu ya kifizikia, mkondo wa lupu unapita kwenye shildi ileile inayobeba signal, na ukinzani wa shildi ndo unaougeuza kuwa volti ya kelele. Ukinzani mdogo, kelele ndogo. Bill Whitlock, aliyeongoza kampuni ya Jensen Transformers, ameeleza jambo hili kwa miaka mingi na vipimo juu, na waya bora wa pawa haugusi hapo.

9. Vunja lupu iliyobaki. Kama umefanya yote na kifaa fulani bado kinavuma, chagua moja: optiko (mwanga haupitishi umeme, kwa hiyo lupu inakufa kabisa, TV nyingi zinayo), au transfoma ya kutenganisha ya RCA inayokaa katikati ya waya wa signal, au XLR (plagi ya signal ya pini tatu) kama vifaa vyote viwili vina balansi ya kweli, yaani signal ina nyaya zake mbili mbali na shildi. Kwa kompyuta kuna aisoleta (kitenganishi) ya USB. Transfoma za bei ya chini sana zinakula besi, isikilize kabla hujaamini.

10. Bado unataka kujaribu waya wa gharama? Jaribu kwa haki. Uazime, usinunue. Msaidizi arushe sarafu kila raundi kuamua ni waya upi, azime ampu, achomeke, awashe, voliumu isiguswe, wewe uko chumba kingine mpaka amalize ili usione wala usisome uso wake, na yeye akishamaliza atoke. Unaingia, unasikiliza, unaandika jibu. Raundi 10. Kwa kubahatisha tu, kupata 9 au zaidi kunatokea kama mara 1 kati ya 100, kwa hiyo ukipata hizo basi kuna kitu unasikia kweli, tafuta ni nini. Ukipata 5 au 6, rudisha waya kwa mwenyewe. Kwa mvumo hata usitegemee sikio, weka simu karibu na koni ya spika, tazama vilele vya 100 na 150 kwenye spektra ukiwa na waya huu na ule (maiki ya simu ni dhaifu kwenye 50, usiiamini sana hapo).

Kusikiliza waya wa zamani leo, wa gharama kesho, na macho yako yakiuona, hakukuambii kitu. Masikio ya kila mtu yanavutwa na anachokitarajia, ya wazoefu pia.

Matatizo na pa kuangalia

*Boksi la ampu linavuma, spika zimetulia.* Transfoma, hasa zile za duara za toroidi, hazipendi DC kidogo inayopanda kwenye mainsi. Zima vifaa vya joto vya nyumba nzima, hea na vikausha nywele ndo wabaya zaidi, usikie kama unapungua. Ukipungua, kuna vifaa vya kuzuia DC vinavyokaa kabla ya ampu. Usipopungua, skrubu ya transfoma imelegea au transfoma imechoka, mpelekee fundi.

*Kelele inakuja na chaja ya laptopu.* Chomoa chaja, tumia betri. Ikiisha, ni lupu kupitia chaja, rudi hatua ya 9. Kwa hapohapo, kusikiliza kwa betri kunatosha.

*Zzzz inakuja jioni taa zikiwashwa.* Dima (swichi ya kupunguza mwanga) au taa za LED zenye dreva mbovu. Zima moja moja uipate. Badilisha taa, ni rahisi kuliko kuchuja.

*Nimeweka feraiti (kile kipande cheusi cha kubana) kwenye waya wa pawa, mvumo uko palepale.* Feraiti za kubana zinafanya kazi kwenye masafa ya redio, megahezi huko. Kama unasikia redio kwenye spika, zinaweza kusaidia. Kwa 50 Hz hazifanyi lolote.

*Nimeweka kondishena (boksi la kusafisha umeme), hamna kilichobadilika.* Kondishena inachuja kati ya laini na nyutro, wakati lupu inapita kwenye ethi na shildi. Haijaharibika, iko mahali pasipo na tatizo.

*Inavuma tu nikiwa kwenye inveta au UPS.* Inveta nyingi za bei nafuu zinatoa wimbi la ngazi ngazi badala ya sainwevu (wimbi laini) safi, transfoma zinalalamika na zzzz inaingia mpaka kwenye spika. Hapo unahitaji inveta ya sainwevu safi.

*Nikigusa bodi ya ampu napata mtekenyo wa umeme, na mvumo unabadilika nikishika.* Acha kila kitu, chomoa. Huenda soketi ina tundu la ethi lakini nyuma yake hamna waya, au ethi ya nyumba imekatika, na vifaa vyako vinavujisha umeme kidogo kupitia kapasita za filta bila pa kwenda. Usijaribu tena kitu chochote kwenye mwongozo huu mpaka fundi umeme mwenye kipimo aje apime ethi ya soketi ile na ya nyumba nzima, na akimaliza, anza upya hatua ya 1, maana kelele uliyokuwa unaisikia inawezekana imeshaondoka.